Ditelingi ya gari Dar: mara mbili kwa mwaka inatosha, Juni na Januari (maoni yangu ya karakana ya Mikocheni)

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Gari ya familia inayotembea Dar kila siku na kulala nje au chini ya mti, ditelingi kamili (usafi wa kina wa ndani na nje pamoja na kinga ya rangi) mara mbili kwa mwaka inatosha. Ya kwanza Juni masika ikishaisha, ya pili Januari ukisharudi kutoka mikoani, katikati hapo unaongezea usafi wa ndani tu kama una watoto, na ile mashine ya bafing, ya kusawazisha mikwaruzo ya rangi, isiguse rangi yako kila ukienda. Hiyo ndo ratiba nayoifuata na Harrier yangu nyeusi, lile toleo tunaloliita tako la nyani, nayoipeleka karakana moja Mikocheni kwa miaka kadhaa sasa. Nimeona niandike vizuri kuhusu kazi yao kwa sababu kila nikiulizwa "hivi dada gari yako unaifanyaje" najikuta naeleza nusu nusu, halafu mtu anaenda kufanyiwa kitu kingine kabisa huko analaumu ditelingi.

Karakana yenyewe ni ndogo, ndani ndani huko, haina bango la maana, watu wanaelekezana kwa mdomo. Kuna mzee mmoja ndo mkuu wao, ukifika unampa shikamoo yake anaitikia taratibu, kisha anaizunguka gari nzima kimya kabla hajakuuliza unataka nini, na chini yake kuna vijana wanne watano aliowafundisha mwenyewe. Uwezo wao ni gari mbili kwa siku, kwa hiyo huwezi kufika tu ukaunga foleni kama kwa waosha magari wa kawaida.

Maana kuosha gari na ditelingi ni vitu viwili mbali kabisa. Kuosha ni ile elfu tano mpaka elfu kumi yako, nusu saa, povu, maji ya presha, wanafuta dashibodi na kile kimiminika cha kung'arisha, umeondoka. Ditelingi gari inashinda pale kutwa nzima na mara nyingi inalala, wanatoa uchafu uliojificha ndani na uliogandia kwenye rangi, halafu wanaweka kinga ya kukaa miezi. Ukiona sehemu wameandika ditelingi na gari inatoka baada ya saa moja na nusu, hapo umeoshewa gari kwa bei kubwa.

Sasa kwa ndani, hapa jamaa wana uwezo kweli na hapa ndo nataka nielezee. Wanaanza kwa kutoa betri waya wa hasi, wanasubiri kidogo, ndo wanafungua siti za mbele, kwa sababu chini ya siti kuna waya zenye soketi za njano, zile ni za eabegi (mifuko inayofumuka gari ikigonga) na mikanda, ukizichomoa gari ikiwa na umeme au mtu akawasha swichi wakati zimechomolewa ile taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi na haizimi mpaka mtu wa mashine ya daignosisi aje aifute. Nimeona kwingine kijana anang'oa siti redio inaimba. Hapa hawafanyi hivyo. Siti zikitoka wanapuliza upepo wa kompresa kwenye reli, kwenye mikunjo, kwenye matundu ya eisi, na brashi ndogo ndogo kama za kupaka rangi, kisha vakyumu, halafu kapeti na siti za kitambaa wanatumia ile mashine inayomwaga maji ya sabuni na kuyafyonza hapo hapo. Huo ufyonzaji ndo nauzingatia mimi, kwa sababu sehemu nyingi wanasugua siti kwa brashi na ndoo ya maji, sponji inakunywa, gari inafungwa vioo usiku, na kwa joto na unyevu wa Dar siku ya pili tu una harufu ya kitambaa kibichi na wiki ijayo ukungu. Wao wakimaliza kufyonza wanafungua milango yote wanaweka feni mbili kubwa, na kama jua limeshazama hawakupi gari, inalala pale na feni mpaka asubuhi. Mara ya kwanza niliona kama wananichelewesha, ila kwa kweli hiyo ndo namna sahihi, ukikabidhiwa gari yenye kapeti mbichi ikatae.

Gari yangu ndani inakula shida za kila aina, watoto wawili wa shule ya msingi, maziwa, juisi ya embe, biskuti zilizosagika mpaka kwenye reli za siti, mchanga wa Coco Beach kila wikiendi, na Jumamosi napita Feri kuchukua samaki. Maji ya samaki wa Feri hata ufunge mifuko mitatu yanapata njia. Jamaa walinyanyua kapeti la buti, wakatoa spea tairi, na kule chini kwenye lile bakuli la tairi kulikuwa na maji yametuama na kutu imeanza pembeni. Hakuna muosha gari wa mtaani aliyewahi kuinua hapo. Wakakausha, wakapiga brashi ya waya, wakapaka dawa ya kuzuia kutu, na mzee akanionyesha picha kwenye simu yake, kabla na baada, bila kuongeza bei. Mchanga wa bahari nao hivyo hivyo, watu wanauona kama uchafu tu lakini una chumvi, na chumvi inavuta unyevu, ukikaa chini ya kapeti mwaka mzima unakula bati la sakafu huku wewe unaona juu pasafi. Kwa hiyo kwenu nyie wa pwani usafi wa ndani sio urembo, ni kuokoa bodi.

Kitu kingine wanachofanya ambacho sikuwahi kukiona kwingine ni majani. Pale ninapoegesha kazini kuna miarobaini, na yale majani yake madogo yanaingia chini ya waipa, yanajaa kwenye ile njia ya maji chini ya kioo cha mbele, yanaoza yanakuwa tope. Masika ikija maji hayana pa kupita, yanapanda, yanaingia kwenye tundu la hewa ya eisi, na wewe unashangaa kapeti ya upande wa abiria imelowa wakati vioo vyote ulifunga. Wao wanafungua lile plastiki chini ya waipa wanasafisha mpaka mwisho. Mwenye sanruufu (dirisha la paa) naye ana vijitundu vya kutolea maji kwenye kona zake, vikiziba mvua inashuka kwenye nguzo za mlango mpaka sakafuni, wanavipuliza taratibu kwa upepo mdogo, sio presha kubwa maana mpira unaweza kuchomoka ndani. Na filta ya eisi ile iko nyuma ya kijidroo cha dashibodi, Toyota nyingi zinatoka kwa kubana tu pembeni, wanaitoa wanakuonyesha, na ukiiona iliyokaa mwaka mmoja barabara ya Bagamoyo utaelewa kwa nini mtoto anapiga chafya kila mkiwasha eisi.

Haya twende nje.

Nje wanaosha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu, tairi zina brashi na kitambaa chake tofauti kabisa. Kisha wanapitisha ile klei, ni kipande laini mfano wa udongo wa mfinyanzi kinachoteleza na maji ya sabuni, kinavuta vitu vilivyogandia kwenye rangi ambavyo kuosha hakuvitoi, lami, vumbi la breki, utomvu wa mwembe, rangi ya mtu aliyepuliza geti jirani. Jaribu mwenyewe: gari ikishaoshwa na kukauka, vaa mfuko laini wa nailoni mkononi upitishe taratibu juu ya boneti. Ukisikia chenga chenga, hiyo ndo klei inahitajika. Ukisikia laini tupu, rudi nyumbani, gari yako haijafika muda wa ditelingi ya nje, na hicho kipimo ni kizuri kuliko tarehe yoyote atakayokuambia mtu.

Halafu bafing. Naomba nikae hapa kidogo maana hapa ndo pesa na rangi za watu zinapotea.

Rangi ya kiwandani kwa ujumla wake, tabaka zote kuanzia praima mpaka ile klia ya juu inayong'aa, ni kama maikroni 100 mpaka 150 hivi, yaani unene wa nywele mbili za kichwani. Klia peke yake ni karibu maikroni 40 au 50. Hiyo klia ndo inayozuia jua lisile rangi, na bafing kazi yake ni kukwangua kidogo ya juu ya hiyo klia ili mikwaruzo isawazike. Mikwaruzo haijazwi jamani, inashushwa usawa na pembeni yake. Kwa hiyo kila bafing nzito inapunguza kitu ambacho hakirudi, na klia haina maumivu, hutajua mpaka siku inapoanza kubabuka juu ya paa na boneti kama zile gari tunazoziona zimepata mabaka meupe. Mtaani kwetu kuna Crown nyeupe, mwenyewe anaipenda sana, anaipeleka bafing kila baada ya miezi miwili kwa sababu aliambiwa ndo ditelingi, sasa hivi kingo za boneti na juu ya vitasa klia imeisha, na dawa ya hapo ni kupuliza rangi upya tu.

Mzee wa Mikocheni ana kipima rangi, kifaa kidogo cha kuweka juu ya bati kinasoma maikroni. Boneti yangu ilisoma 118, paa 112, mlango wa nyuma kulia 260, akaniambia "mama, huu mlango umepigwa rangi tena, labda huko huko ilikotoka", na akaniandikia namba zote kwenye karatasi. (Ukienda kununua gari ya mkononi mtafute mtu mwenye hicho kifaa, ikisoma mia tano, mia nane, chini kuna pati ya kuziba mabonde na huenda gari iligongwa.) Baada ya kupima akasema bafing ya gari nzima haina haja, atagusa boneti na mbavu za upande mmoja tu kwa polishi laini, na kwamba gari nzima tutaongea baada ya miaka miwili au zaidi. Angeweza kunitoza bafing kamili na nisingejua. Kwangu mimi hapo ndo alinipata, fundi anayekataa hela yako kwa ajili ya rangi yako unamrudia.

Na ile mikwaruzo ya kuzunguka zunguka unayoiona jua likipiga gari nyeusi, sehemu kubwa inatoka kwenye uoshaji, sio barabarani. Kitambaa kilichofuta tairi kinafuta mlango, sponji ilianguka chini ikaokotwa, vumbi kavu linafutwa na kitambaa kikavu asubuhi ili gari ionekane safi kwenda kazini. Mimi nimenunua ndoo mbili, glavu ya maikrofaiba, shampuu ya gari chupa moja inakaa miezi, na kijana anayeniosheaga nyumbani anatumia hivyo hivyo vyangu. Sabuni ya unga na ya vyombo zinamaliza waksi haraka, yaani umelipia kinga Juni halafu Julai unaifua.

Baada ya klei na polishi wanaweka silanti, kinga ya kutengenezwa kiwandani, hiyo kwa jua letu inakaa miezi minne mpaka sita hivi. Waksi ya asili ya kanauba inang'aa vizuri zaidi kwa macho yangu lakini kwa joto la Dar mwezi, miwili, mitatu kwa bahati, imeondoka. Utajuaje kinga imeisha? Mwaga maji juu ya boneti safi, yakijikusanya matone na kukimbia bado ipo, yakitandaa yakalala hapo imeisha. Ndo maana mara mbili kwa mwaka inakaa sawa, sio kwa sababu namba mbili ni nzuri, ni kwa sababu kinga inaisha karibu na hapo.

Na kwa nini Juni na Januari? Masika inaanza Machi mpaka Mei, tope, madimbwi, unyevu ndani, mipira ya milango inashika ukungu, na baada ya hapo unaingia kipindi kirefu cha jua na vumbi, kwa hiyo Juni unatoa unyevu wote unaweka kinga ya kiangazi. Ukipeleka Aprili unatupa hela. Januari ni kwa sababu ya vuli iliyopita Oktoba mpaka Desemba pamoja na safari za Krismasi, sisi wa Moshi mnatujua, kilomita mia tano na kitu kwenda, na nyingine hizo hizo kurudi, bampa na boneti na vioo vya pembeni vinarudi vimejaa wadudu, na wadudu wakishakauka juani wana asidi inayoingia kwenye klia. Hao usiwasubirie Januari ifike katikati. Ukifika tu nyumbani lowesha kwa taulo la maji dakika kumi uwatoe, ditelingi itamalizia.

Kinyesi cha ndege ndo kabisa, hakuna ratiba inayokifaa. Dar tuna kunguru wengi mno, hawa wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakasambaa pwani yote, na maeneo kama Upanga na Oysterbay yenye miti mikubwa kuna popo nao usiku. Kinyesi kina asidi, jua likipiga klia inapanuka, kikikauka kinajishika, na kwa joto letu masaa machache tu yanatosha kuacha alama isiyotoka kwa kuosha. Kaa na chupa ya maji na kitambaa laini kwenye gari, lowesha, subiri, nyanyua, usisugue. Zambarau msimu wake nazo usiegeshe chini yake kabisa, gari nyeupe utalia.

Halafu maji ya kisima. Sehemu nyingi za mji kisima kina chumvi na chokaa, ukioshea gari juani maji yanakauka kabla hujafuta yanaacha vidoa vyeupe vya duara, na vikikaa muda mrefu vinachimba kwenye kioo na rangi. Osha asubuhi mapema au jioni kivulini, futa sehemu kwa sehemu. Karakana ina tenki lao na machujio, na suuza ya mwisho wanatumia hayo, nilimuuliza mzee akanionyesha bila shida.

Taa za mbele zilikuwa zimepauka njano kama Harrier nyingi za umri ule. Zile sio kioo, ni plastiki ngumu, jua linaichoma juu. Walipiga msasa wa maji kuanzia mia nane mpaka elfu tatu, polishi, kisha wakapuliza klia ya kuzuia jua. Hiyo ya mwisho ndo inafanya kazi ikae, bila hiyo miezi michache tu zimerudi njano, na ile dawa ya meno ya mtandaoni inang'arisha wiki mbili tatu kwa sababu ni msasa tu bila kinga. Usiku barabara ya Kawawa naona tofauti kubwa kweli, na hili ni suala la usalama.

Injini hawapigi presha. Wanafunika altaneta, boksi la fyuzi na njia ya hewa kwa nailoni, wanapuliza dawa ya kutoa grisi, brashi, kitambaa. Na hawapulizi oil chafu wala dizeli chini ya gari, ile tabia ya kusema inazuia kutu. Mafuta hayo yanavimbisha mipira, bushi zako na buti za draiveshafti zinalainika, na vumbi linagandia juu yake, kisha unaanza kusikia gongo gongo kwenye mashimo ukidhani shokapu. Kwa chini dawa ni maji baridi safi ya kutosha, na kinga maalumu ya kutu kwa anayetaka.

Sasa nyota nimewapa nne, sio tano, na sababu ninazo. Bei hawabandiki popote. Mimi nililipa laki moja na themanini kwa ndani na nje, taa juu yake elfu thelathini, mwenzangu wa ofisini mwenye gari kama yangu akatajiwa laki mbili na ishirini wiki hiyo hiyo, alipouliza wakashusha. Hiyo inaharibu imani jamani, andikeni bei ukutani, mteja ajue. Pili sehemu ya kusubiria ni benchi moja nje, choo cha mashaka, mwanamke mwenye mtoto hawezi kukaa pale, wanakutegemea uache gari uondoke. Tatu, vijana (sio mzee) wanasukuma sana seramiki, ile kinga ngumu ya kupaka juu ya rangi. Kijana mmoja alinishikilia robo saa, "dada ukiweka hii huoshi tena miaka mitano, haikwaruziki", bei ikikaribia milioni. Sio kweli hivyo. Seramiki ni kinga nzuri, inakaa miaka, maji yanakimbia na uchafu unatoka kirahisi, lakini gari bado inaoshwa kila wiki, bado kitambaa kichafu kinakwaruza, bado maji ya kisima yanaacha vidoa, na rangi lazima isawazishwe kwanza maana ukiweka juu ya mikwaruzo umeifungia humo. Mtu mwenye Anaconda, yaani Harrier ya toleo lililofuata, rangi bado nzuri na anategemea kukaa nayo miaka minne mitano, ana kivuli nyumbani, aweke, hela inarudi. Kwa Harrier ya 2006 inayolala nje, silanti mara mbili kwa mwaka inafanya kazi ileile kwa hela ya kueleweka. Nilimwambia mzee hayo ya yule kijana, akamuita mbele yangu akamrekebisha kwa upole, na mara iliyofuata hakuna aliyenisumbua. Nne na nusu basi.

Ila ratiba yangu isichukuliwe na kila mtu. Dereva wa Bolt anayebeba watu kutwa, nje mara mbili kwa mwaka sawa, ila ndani ningemwambia kila mwezi au miezi miwili, siti na mikanda hasa, mikanda ya siti inashika jasho na hakuna anayeifua, ivute yote mpaka mwisho uiangalie. Abiria anatoa nyota kwa harufu kabla hajaona dereva anaendeshaje. Wa Kigamboni anayevuka na pantoni, au anayeishi Zanzibar, hata nje haina shida sana kuliko chini, kila mwezi suuza chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, dakika kumi tu, matao ya tairi na kingo za milango kwa chini. Wa Dodoma shida yake ni vumbi kavu, kwake filta ya eisi na filta ya hewa ya injini ni kila baada ya miezi michache, na asifute vumbi kavu kwa kitambaa, amwage maji kwanza. Anayeegesha besimenti ofisini na nyumbani ana gereji, mara moja kwa mwaka inamtosha kabisa, asidanganywe.

Na wewe unayetoa gari bandarini, hiyo fanya ditelingi ya ndani kabla hata hujaanza kuitumia. Zimekaa melini na yadini wiki nyingi vioo vimefungwa, nyingi zinakuja na harufu ya sigara imeingia mpaka kwenye kitambaa cha paa, na hiyo pafyumu haiitoi, inahitaji kufyonzwa siti, kufutwa paa kwa mkono mwepesi sana (ukisugua paa kwa maji mengi gundi inaachia kitambaa kinaning'inia), na filta mpya ya eisi. Yale maandishi ya chaki na gundi ya stika za yadi kwenye kioo na boneti yatolewe kwa dawa, sio kwa wembe juu ya rangi.

Siti za ngozi, kama unazo, hizo zipakwe losheni yake kila miezi mitatu minne bila kusubiri ditelingi, jua la hapa linapasua, na weka kile kizuia jua cha kioo cha mbele kila ukiegesha. Dashibodi kataa yale mafuta ya kung'aa kama umekaangia samaki, yanaakisi kwenye kioo mchana unashindwa kuona mbele. Mikocheni wanaweka ya kumaliza bila mng'ao, ila lazima uwaambie mapema, na pafyumu pia waambie wasiweke maana wana moja kali sana, gari safi haihitaji kunukia kitu.

Kama unataka kwenda Juni hii, weka apointimenti Mei mwishoni kwa sababu masika ikikata tu kila mtu anakumbuka gari yake. Nenda siku ya katikati ya wiki, peleka saa moja na nusu asubuhi, toa vitu vyako vyote na siti ya mtoto, piga picha gari pande zote mbele yao na usome kilomita, omba kipima rangi kabla mashine haijawashwa, na uulize bei ya kila kitu kabla hujatoa ufunguo. Harrier, Vanguard, X-Trail na za saizi hiyo pangeni ilale huko, IST na Vitz zinamalizika jioni siku hiyo hiyo jua likiwepo.